Nani Anapanga Bei ya Petroli? Hadithi ya Sheli, Koroboi na Uchakachuaji

Baada ya kile kipindi chetu cha pesa tunazotuma nyumbani, msikilizaji mmoja alituletea ujumbe wa sauti wenye swali fupi: "Kwani Tanzania si serikali ndiyo inayopanga bei ya mafuta? Sasa kama inapanga yenyewe, mbona haishushi?" Tulimjibu haraka haraka, tukaendelea na mengine. Lakini swali lile linahitaji historia ya miaka hamsini hivi. Ndani yake kuna meli, kuna Bunge, kuna mgomo, na kuna neno moja la mtaani ambalo huenda unalitumia kila siku bila kujua lilipata umaarufu wake kwenye tangi la dizeli. Ndiyo maana leo nimeamua kuandika.

Tuanze na maneno kidogo, hasa kwa sisi tuliokulia huku nje. Ukisema "mafuta" kwa Kiswahili, mtu anaelewa kutokana na mazungumzo kama ni ya kupikia, ya kupaka au ya gari. Hapa nazungumzia aina tatu: petroli, dizeli na mafuta ya taa. Haya ya mwisho ndiyo yaliyokuwa yakiwasha koroboi, chemli na jiko la mchina kwenye nyumba zisizo na umeme. Na kituo cha mafuta watu wengi wanakiita "sheli", hata kama bango lake ni la kampuni nyingine kabisa. Jina la Shell lilizoeleka mpaka likawa neno la kawaida. Mama yangu mpaka leo, hapa hapa Uingereza, anasema "tupite sheli" akiwa na maana ya supamaketi yenye pampu.

Hayo mafuta ya taa yashike vizuri kichwani. Ndiyo yenye uchungu katika hadithi hii.

Bei ipo, mafuta hayapo

Baada ya uhuru, Tanzania ilijenga kiwanda cha kusafisha mafuta pale Kigamboni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam, kwa ubia na Waitaliano. Kiliitwa TIPER, na kilianza kazi 1966. Mwaka 1969 likaundwa Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, ambalo baadaye ndilo lililoshika kazi ya kuagiza mafuta kwa niaba ya nchi. Kisha 1973 ikaja Tume ya Bei ya Taifa. Hapo ndipo serikali ilipokuwa inapanga bei kwa maana kamili ya neno lenyewe, tena si ya mafuta tu, bali ya bidhaa nyingi sana za kila siku.

Bahati mbaya, mwaka huohuo wa 1973 dunia iligeuka. Baada ya vita vya Oktoba kati ya nchi za Kiarabu na Israeli, pipa moja la mafuta ghafi lililokuwa likiuzwa kama dola 3 lilifika karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974. Nchi ikajikongoja. Halafu 1979 yakaja mapinduzi ya Iran na bei ikapaa tena, wakati uleule Tanzania ikiwa vitani na Idi Amin. Vita vile vilikula mafuta na vilikula dola.

Na hapa ndipo penye somo la kwanza. Serikali inaweza kuandika bei yoyote inayotaka kwenye karatasi, lakini meli ya mafuta haiji kwa karatasi. Inakuja kwa dola. Dola zilipokwisha, bei halali iliendelea kuwepo, ila mafuta yenyewe yakawa hayapo. Wazee wetu wanakumbuka foleni, wanakumbuka mgao, wanakumbuka ile marufuku ya kuendesha magari binafsi Jumapili mchana. Baba yangu anasimulia watu kulala ndani ya magari yao kwenye foleni, wakisubiri lori ambalo hakuna aliyejua kama litakuja. Na palipo na uhaba hapakosi mlanguzi: bei ya mbele ni ya serikali, bei ya mlango wa nyuma ni ya mwenye kidumu.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "zamani bei ilikuwa chini", muulize kidogo: ilikuwa chini kwa nani, na alipata lita ngapi?

Soko huria na kasoro zake

Mageuzi ya uchumi yalianza katikati ya miaka ya 1980, lakini mafuta yalikuwa miongoni mwa vitu vya mwisho kuachiwa. Kiwanda cha TIPER kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwishoni mwa miaka ya 1990, na kuanzia Januari 2000 biashara ya mafuta ikawa huria: kampuni yoyote yenye leseni na mtaji iliweza kuagiza, na bei ikaachwa mikononi mwa soko.

Tuseme ukweli, foleni ziliisha. Sheli zikachipuka kila kona ya barabara kuu. Mtu mwenye pesa alipata mafuta saa yoyote, na kwa aliyeishi miaka ya 1980 hilo halikuwa jambo dogo.

Lakini soko lile lilikuwa na tabia yake. Mwezi Julai 2008 pipa la mafuta duniani lilifika dola 147, kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana. Kufikia Desemba lilikuwa limeanguka chini ya dola 40. Bei ya dunia ilipokuwa inapanda, sheli zilipandisha mara moja. Ilipoanguka, kushusha kukawa kesho, kesho kutwa, wiki ijayo. Wauzaji walisema bado wanauza mzigo wa zamani walioununua ghali. Sawa, hoja ina mantiki. Ila wakati wa kupanda mbona hatukusikia mtu akisema "subirini kwanza tumalize mzigo wa zamani tulioununua rahisi"?

Wakati huo kulikuwa tayari na chombo kipya: Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA. Sheria yake ilipitishwa 2001, na ikaanza kazi 2006. Sheria ya Petroli ya 2008 ikaipa nguvu zaidi kwenye mafuta. Januari 2009 EWURA ikaanza kutangaza kile inachokiita "bei kikomo".

Hebu tusimame kwenye neno hilo, kikomo. EWURA haisemi "uza kwa shilingi hizi". Inasema "usivuke hapa". Ni dari. Mwenye sheli anaruhusiwa kuuza chini yake. Na dari yenyewe haikadiriwi kwa macho, inakokotolewa kwa kanuni: bei ya mafuta kwenye soko la dunia, nauli ya meli, bima, gharama za bandari, kodi na tozo za serikali, faida ya muuzaji wa jumla, faida ya mwenye sheli, na usafiri wa lori mpaka wilayani. Ndiyo maana bei ya Dar es Salaam si ya Kigoma. Leo orodha hutoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, wilaya kwa wilaya, na Zanzibar ina mamlaka yake, ZURA, inayotangaza bei za visiwani.

Kuchakachua

Sasa tufike kwenye lile neno. Kuchakachua. Sisi huku tunalitumia kwa utani: wimbo umechakachuliwa, juisi imechakachuliwa, CV imechakachuliwa. Lakini kilicholitia neno hili kwenye kila mdomo ilikuwa kashfa ya mafuta.

Mambo yalikuwa hivi. Serikali ilitoza kodi kubwa kwenye petroli na dizeli, lakini ilitoza kidogo sana kwenye mafuta ya taa, kwa sababu nzuri kabisa: mafuta ya taa ni taa ya maskini. Mtu wa kijijini asiye na umeme asibebeshwe mzigo wa mwenye gari. Tatizo ni kwamba mafuta ya taa yanachanganyika na dizeli bila kelele. Ukiyachukua yenye kodi ndogo, ukayamwaga kwenye tangi la dizeli, unauza kwa bei ya kodi kubwa na tofauti inaingia mfukoni. Serikali inakosa kodi, mwenye gari anaua injini. Pia kulikuwa na mafuta ya transiti, yaliyopita Dar kwenda Zambia, Kongo au Rwanda bila kulipiwa kodi ya ndani. Lori linaondoka bandarini kwa karatasi za kwenda nje, halafu mzigo unashushwa njiani.

Ndio uone udhaifu wa bei kikomo peke yake. Kikomo kinabana faida halali. Faida ya haramu hakiigusi. Sheli inaweza kubandika bei sahihi kabisa kwenye bango lake huku kinachotoka kwenye pampu si kile ulicholipia.

Septemba 2010 EWURA ikaanzisha uwekaji wa vinasaba kwenye mafuta. Vinasaba ni neno lilelile tunalotumia kwa DNA. Mafuta yaliyolipiwa kodi kwa ajili ya soko la ndani yanawekwa kiasi kidogo cha kemikali maalumu. Mkaguzi akija sheli anachukua sampuli na kupima. Kama kiwango cha vinasaba kimepungua, maana yake kuna kitu kimeongezwa humo. Mwezi uliofuata, Oktoba 2010, Tanzania ikafanya uchaguzi mkuu, na neno likaruka kutoka kwenye dizeli hadi kwenye kura: watu wakaanza kuzungumzia matokeo "kuchakachuliwa". Tangu hapo halikurudi nyuma.

Kodi ya koroboi

Vinasaba peke yake havikutosha, kwa sababu kishawishi kilikuwa palepale: ile tofauti ya kodi. Kwa hiyo kwenye bajeti ya Juni 2011 serikali ikaamua kuiondoa. Ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa kutoka shilingi 52 kwa lita hadi shilingi 400 na senti 30, na ule wa dizeli ukapunguzwa. Lengo lilikuwa bei za aina hizo mbili zikaribiane mpaka kuchanganya kusiwe na faida.

Kwa kipimo cha uchakachuaji, hatua ilifanya kazi. Kuchanganya mafuta ya taa kwenye dizeli hakukulipa tena, na mafuta ya taa yanayoingizwa nchini yakapungua sana miaka iliyofuata. Hii yenyewe inakwambia kitu, maana si yote yaliyokuwa yakienda kwenye koroboi.

Lakini mengine yalikuwa yakienda kwenye koroboi kweli. Wakati huo Watanzania walio wengi hawakuwa na umeme nyumbani. Bibi yangu upande wa mama aliishi hivyo, na alikuwa akinunua mafuta ya taa kwa kipimo kidogo dukani, kwa chupa, si kwa lita. Mtu wa namna hiyo hakuwahi kuchakachua chochote. Hakuwa na lori, hakuwa na tangi, hakuwa na sheli. Ila ili dizeli ya mwenye lori iwe safi, yeye ndiye aliyepandishiwa ushuru karibu mara nane. Wa kumkaba mwizi hakupatikana, basi mlango wa jirani ukafungwa kwa kufuli.

Na haikuishia hapo. Mwaka 2015 serikali iliongeza tozo ya petroli iliyolengwa kusambaza umeme vijijini. Kwenye petroli na dizeli ikawa shilingi 100 kwa lita. Kwenye mafuta ya taa ikawa shilingi 150. Aliyekuwa bado gizani akawa anachangia zaidi kwa kila lita kuliko mwenye gari, ili siku moja nguzo za umeme zimfikie.

Nisieleweke vibaya. Taa za sola na tochi za bei rahisi zimeingia, umeme umefika vijiji vingi, na leo kuna watoto wasiojua harufu ya koroboi. Mapafu yao yanashukuru. Lakini ushuru ulipanda 2011, siku ileile, na sola ilikuja polepole. Katikati hapo watu walipika kwa mkaa na kuni zaidi, na watoto walisoma kidogo zaidi usiku. Kila nikisikia mtu anasema udhibiti wa bei ni wa kumlinda mnyonge, hapo ndipo ninapomuuliza: mnyonge yupi?

Agosti 2011

Mwaka uleule ukaleta mtihani mkubwa kuliko yote. Katika mjadala wa bajeti watu walilalamikia wingi wa tozo kwenye bei ya mafuta. EWURA ikapitia upya kanuni yake, ikapunguza baadhi ya gharama zilizokuwa zikihesabiwa humo. Siku zile bei zilikuwa zikitangazwa kila baada ya wiki mbili. Mwanzoni mwa Agosti 2011 orodha mpya ikatoka: petroli imeshuka kwa zaidi ya shilingi 200 kwa lita, takriban asilimia 9.

Watu walifurahi kwa siku moja. Kesho yake pampu zikafungwa. Kampuni za mafuta zilisema kwa bei hiyo wanapata hasara, kwani mzigo walionao waliununua ghali. Wengine wakasema hawana mafuta. Sheli zikawa na wahudumu waliokaa kwenye viti wakitazama barabara.

Mjomba wangu alikuwa na teksi Dar wakati huo. Anasema alinunua petroli ya kwenye chupa za maji, kwa bei ambayo hakutaka hata kuniambia, kwa sababu deni la gari halisubiri mgomo. Yaani bei ilikuwa imeshuka gazetini, na yeye alikuwa analipa ghali kuliko wakati wowote wa maisha yake. Wazee waliokumbuka foleni za miaka ya 1980 walijua wanachokiona.

Bunge lilikuwa linakaa Dodoma, na wabunge wakalichachamalia jambo hili. Serikali ikatakiwa kuchukua hatua. EWURA ikatoa amri kwa kampuni kadhaa kubwa zianze kuuza mara moja, na BP Tanzania ikafungiwa leseni kwa miezi mitatu. Na hapa kuna jambo ambalo watu hulisahau: serikali yenyewe ilikuwa inamiliki nusu ya BP Tanzania. Mamlaka ya umma ilikuwa inaiadhibu kampuni ambayo umma una hisa zake. Mafuta yakarudi kwenye pampu.

Halafu, katikati ya mwezi huohuo, orodha iliyofuata ikatoka na bei zikapanda tena. Soko la dunia na kudhoofika kwa shilingi, ikasema EWURA. Unaweza kufikiria hasira za watu. Wengi walisema serikali imesalimu amri. Kwa mtazamo wangu, mambo mawili yalikuwa kweli kwa pamoja. Kanuni ilikuwa inafanya kile ambacho kanuni hufanya, kupanda na kushuka na dola. Na kampuni zilikuwa zimeonyesha nguvu zao: anayeshika tangi anaweza kuilaza nchi njaa ya mafuta kwa wiki nzima.

Hilo la nani anashika tangi ndilo lililobadilishwa baadaye. Kabla ya hapo kila kampuni ilijiagizia mzigo wake, meli ndogo ndogo, zikisubiri kwa zamu bandarini huku gharama za kusubiri zikihesabika na mwisho kumfikia mnunuzi. Kuanzia 2012 hivi ukashika kasi mfumo wa uagizaji wa mafuta kwa pamoja: mahitaji ya kampuni zote yanakusanywa, zabuni inatangazwa, na mshindi analeta meli kubwa kwa ajili ya wote. Leo kazi hiyo iko chini ya wakala wa serikali, PBPA. Haina kelele ya kumfungia mtu leseni, haiandikwi sana magazetini, lakini naamini imemsaidia mteja kuliko ile amri ya Agosti. Ukitaka kudhibiti bei, anza kwa kujua mzigo umenunuliwa kwa shilingi ngapi.

Lita moja ina nini ndani?

Sasa turudi kwa msikilizaji wetu. Serikali inapanga nini hasa?

Kipande cha kwanza cha lita ni bei ya nje. EWURA inafuata bei za soko la Uarabuni, kwa hiyo ndugu zetu wa Muscat na Dubai wanaishi jirani kabisa na pale bei yetu inapozaliwa. Hiki Tanzania haikipangi. Cha pili ni dola: shilingi ikishuka, lita inapanda hata kama dunia imetulia. Hiki inakigusa kidogo tu. Cha tatu ni gharama za njiani na faida za wafanyabiashara. Hapa ndipo mdhibiti ana mamlaka ya kweli. Cha nne ni kodi na tozo: ushuru wa bidhaa, tozo ya barabara, tozo ya petroli. Hiki kinapangwa na serikali moja kwa moja, lakini si na EWURA. Kinapangwa Dodoma, kila Juni, kwenye bajeti.

Kwa hiyo ukiwasikia watu wanaitukana EWURA mwezi bei imepanda, mara nyingi wanamtukana mhesabu kwa sababu ya hesabu. Kipande anachokishika ni chembamba kuliko tunavyodhani.

Mfano ni 2022. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari ile, mafuta yakapaa dunia nzima, na petroli Dar ikavuka shilingi 3,000 kwa lita. Kanuni ya EWURA haikuwa na la kufanya. Serikali ndiyo iliyoingilia kwa kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100, kuanzia Juni. Ruzuku ilipunguza makali, ila ruzuku nayo ni pesa ya walipakodi iliyopitia mlango mwingine, na mwenye gari tatu hunufaika mara tatu.

Kenya wamepita njia inayofanana kwa namna ya kushangaza. Waliachia bei 1994, wakarudisha udhibiti Desemba 2010, na sasa EPRA hutangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi. Hata mafuta ya taa yaliwapata: 2018 Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 za Kenya kwa lita, kwa jina lake kabisa ya kuzuia uchakachuaji. Miaka saba baada ya Dodoma, Nairobi ikafunga mlango uleule, na mwenye stovu akalipa. Mwaka 2023, dola zilipokuwa adimu, Kenya ikaingia makubaliano na kampuni za mafuta za Saudia na Emirati ili ipate mzigo kwa mkopo wa siku 180. Dola tena. Miaka hamsini, tatizo ni lilelile lenye nguo mpya.

Na sisi huku? Uingereza hakuna ofisi inayotangaza bei kikomo, kila sheli na bei yake. Lakini kodi ipo tele: ushuru ulipopunguzwa Machi 2022 ulitoka peni 57.95 hadi 52.95 kwa lita, na juu yake kuna VAT ya asilimia 20. Oman na Emirati, ambako mafuta yanachimbwa, serikali nazo zilianza kubadilisha bei kila mwezi kufuata soko: Emirati Agosti 2015, Oman Januari 2016. Mwaka uliofuata Oman ikalazimika kuiwekea dari petroli ya kawaida kwa sababu watu walilia. Hakuna nchi iliyolimaliza jambo hili.

Kwa hiyo, mkiwa kwenye grupu la familia

Najua mwezi ujao orodha itatoka, mtu ataibandika kwenye WhatsApp ya ukoo, na mabishano yataanza: mjomba atasema serikali wezi, binamu atasema ni vita vya huko duniani. Badala ya kuchagua upande, ulizeni maswali matatu. Kipi kilichobadilika mwezi huu: dunia, dola, au kodi? Kama ni kodi, inakwenda kufanya nini? Na je, kuna mtu asiye na gari, asiye na sauti, anayelipa ili wengine wapate nafuu?

Taarifa ziko wazi. EWURA inachapisha bei za kila wilaya, na aliyeko nyumbani anaweza kupiga *152*00# akaona kikomo cha kwake kabla hajafika sheli. Sheli ikivuka kikomo, mteja ana haki ya kudai stakabadhi na kulalamika. Wazazi wetu waliokesha kwenye foleni hawakuwa na karatasi ya kuwaonyesha lita yao imejengwa na nini. Wadogo zetu wanayo, basi waisome.

Na ukipata nafasi, mpigie mzee mmoja wa kwenu umuulize nyumbani kwao walitumia mafuta ya taa mpaka mwaka gani, na waliacha kwa sababu umeme ulifika au kwa sababu yalipanda bei. Mrekodi, kisha ututumie sauti hiyo kwa namba ileile ya kipindi. Tunataka kuzicheza kwenye kipindi kijacho, kwa sababu majibu hayo hayapo kwenye orodha yoyote ya Jumatano.